Riwaya za mapenzi: kabla ya kuandika, chagua utaandika za aina gani



Wengi wetu tuko na kaye moja ambayo hatumwonyeshi mtu. Haiko kaye ya masomo, wala haiko ya memuari. Ni ile tunaandika usiku, wengine wakisha lala, na ndani yake kuna hadithi ya mapenzi. Mimi niko nazo tatu. Leo nataka kuongea na wewe mwenye kaye kama hizo, unayesema moyoni: siku moja nitakuwa mwandishi wa riwaya.

Mwaka ule nilipomaliza licence, niliandika riwaya nzima kwa Kifaransa, kurasa 140 kwa mkono. Mwanaume aliitwa Richard, daktari wa Paris. Msichana aliitwa Clara. Walijuana ndani ya ndege. Mimi mwenyewe sijapanda ndege ata siku moja. Wakati wa likizo nilienda kwa shangazi yangu, upande wa Kabambare, nikamsomea jioni tukichambua mchele, huku nikimgeuzia maneno katika Kiswahili. Alisikiliza sura mbili bila kunikata. Kisha akaweka maulizo matatu: "Huyu Clara, wazazi wake wako wapi? Nani alienda kumuombea? Na hawa watu wanakunywa divai kila saa, ugali wanakula saa ngapi?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Nikafunga kaye. Baadaye nilielewa kwamba kosa halikuwa Kifaransa, wala halikuwa Paris. Kosa ni kwamba nilianza kuandika bila kujiuliza ninaandika kitabu cha aina gani, na nani atakisoma. Tangu pale nimesoma na kuuliza sana juu ya jambo hili. Nilichopata ndicho hiki.

Maulizo mawili ya kwanza

Kuna vitabu vingi vyenye mapenzi ndani, lakini si vyote ni riwaya za mapenzi. Ili ujue chako ni cha aina gani, uliza maulizo mawili.

La kwanza: ukiondoa mapenzi ya wale wawili, hadithi inabaki? Kama inabaki, basi umeandika riwaya ya jambo lingine (vita, siasa, familia) na mapenzi yamepita humo kama mgeni. Kama haibaki kitu, basi ni riwaya ya mapenzi kweli.

La pili: inaishaje? Mwisho ni ahadi kati yako na msomaji. Kuna msomaji anayefungua kitabu akijua kwamba wale wawili watapatana, na anachotaka kujua ni njia tu. Kuna mwingine anataka kulia, na mwingine anataka funzo. Ukimuahidi mmoja na kumpa kitu cha mwingine, atasema umemdanganya.

Kwa maulizo hayo mawili, naona njia nne.

Njia ya kwanza: riwaya ya mwisho mwema

Hii njo iliyoenea dunia nzima. Huko London, Gerald Mills na Charles Boon walifungua nyumba yao ya vitabu mwaka 1908, Mills & Boon, ambayo baadaye ilijulikana kwa riwaya za mapenzi tu. Kanada kulianzishwa Harlequin mwaka 1949, na mwaka 1971 ikainunua Mills & Boon. Vile vitabu vidogo vya Kifaransa vyenye picha ya watu wawili wakikumbatiana, vinavyopita mkono kwa mkono mpaka jalada linakatika, vingi vimetoka katika ukoo huo.

Kanuni zake ni chache. Mapenzi yako katikati. Kuna kizuizi kinachowatenganisha. Mwisho unaacha tumaini. Kitabu ni kifupi, vingi viko karibu na maneno 50 000, na bei yake iko chini ili mtu anunue kingine mwezi ujao.

Usiseme "hiyo ni ya wazungu". Mwaka 1998, Abidjan, nyumba ya Nouvelles Éditions Ivoiriennes ilianzisha mfululizo wa Adoras: riwaya fupi za mapenzi kwa Kifaransa, wapenzi ni Waafrika, miji ni ya Afrika, chakula ni cha kule. Walichukua kanuni ileile na kuondoa Richard. Kama ningekuwa nimesoma Adoras moja kabla ya kuandika, shangazi hangeniuliza ulizo lake la tatu.

Faida ya njia hii: inakufundisha kazi. Lazima ujue kupanga sura, kuweka kizuizi, kumfanya msomaji ageuze ukurasa. Hatari yake iko katika kizuizi chenyewe. Waanzaji wengi tunaweka kizuizi cha uongo: barua imepotea, mtu amesikia vibaya, kumbe yule mwanamke mwingine alikuwa dada yake. Kizuizi kama hicho kinaisha siku watu wanaongea dakika tano. Kwetu vizuizi vya kweli havikosekani. Mahari iko juu. Kijana ameenda kuchimba dhahabu upande wa Salamabila na haijulikani atarudi na nini. Msichana anataka kuendelea na masomo Kindu na familia inasema inatosha. Hakuna haja ya kubuni barua iliyopotea.

Njia ya pili: riwaya ya onyo

Hii tunaijua tangu shule. Msichana anapenda, anadanganywa, anaharibikiwa, na msomaji anaonywa. Kitabu kikubwa cha njia hii katika Kiswahili ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kilichotoka mwaka 1971. Rosa analelewa na baba mkali anayemkataza kabisa kuongea na wavulana. Akifika shule ya mbali, ule uhuru hajui kuutumia, na mwisho wake ni kifo. Kitabu kilisumbua watu mpaka kikakatazwa mashuleni Tanzania kwa muda, kisha kikarudi na kikafundishwa.

Angalia vizuri alichofanya Kezilahabi. Hakumlaumu Rosa peke yake. Aliuliza: baba huyu alimlea vipi? Hapo njo nguvu ya kitabu. Riwaya nyingi za onyo zinazoandikwa na waanzaji zinafanya kinyume: msichana ndiye anabeba mimba, aibu na kifo, na mwanaume anapotea katika ukurasa wa 60 bila mtu kumuuliza kitu. Ukichagua njia hii, jiulize onyo lako linaenda kwa nani. Kama linaenda kwa msichana tu, umeandika mahubiri, na mahubiri anayo tayari nyumbani.

Njia ya tatu: mapenzi ndani ya historia

Katika njia hii, kizuizi ni wakati wenyewe. Adam Shafi wa Zanzibar, katika Vuta N'kuvute (1999), anamleta Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozeshwa kwa mzee, anatoroka, na anampenda Denge, kijana anayepigana na ukoloni. Huwezi kutenganisha mapenzi yao na siasa ya Zanzibar ya miaka ile. Mwaka 2021 Amil Shivji alikitengenezea filamu. Hapa kwetu Congo, V. Y. Mudimbe aliandika Le Bel Immonde (1976): waziri na mwanamke wa baa, huku nchi ikiwa katika maasi ya miaka ya 1960. Mapenzi pale si mapumziko. Ndiyo mahali siasa inamkamata mtu.

Sisi wa kusini mwa Maniema tunakaa juu ya historia kama hiyo. Nyangwe iko katika teritware ya Kasongo. Soko lake lilikuwa kubwa, wanawake wengi wakija kuuza, na tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara ya watumwa walilifyatulia risasi, Livingstone akiona kwa macho yake. Moja ya vitabu vinavyojulikana juu ya Kasongo ya zamani ni maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili: kitabu cha safari, vita na pembe za ndovu. Wanawake wa wakati ule walimpenda nani, walimkataa nani? Ni mwandishi wa riwaya tu anayeweza kuingia mahali pale. Halafu kuna maasi ya Wasimba ya 1964, na vita tulivyozaliwa ndani yake sisi wenyewe.

Lakini njia hii ni nzito. Inataka usome, uulize wazee, uhakikishe tarehe. Tena iko na hatari moja ambayo wasomi tunaanguka ndani yake haraka: tunageuza riwaya kuwa memuari. Kurasa thelathini za historia, kisha busu moja. Msomaji anafunga.

Njia ya nne: riwaya ya sokoni, kwa lugha ya nyumbani

Njia hii njo ilinifungua macho zaidi. Huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuanzia miaka ya 1980 vijana, na hasa wanawake, walianza kuandika riwaya za mapenzi kwa Kihausa. Walizichapisha wenyewe, vitabu vyembamba, na kuziuza sokoni kati ya vitambaa na sabuni. Zinaitwa littattafan soyayya, maana yake vitabu vya mapenzi. Ndani kuna mambo ya nyumba: uke wenza, msichana kuozeshwa kwa nguvu, mwanamke anayetafuta kusoma.

Mmoja wao ni Balaraba Ramat Yakubu. Yeye mwenyewe aliozeshwa akiwa mtoto. Kitabu chake Alhaki Kuykuyo Ne, cha mwaka 1990, kinaeleza mama wa watoto wengi anayefukuzwa na bwana na kujijengea maisha kwa kuuza chakula. Mwaka 2012 kilitoka kwa Kiingereza huko India, na leo kinasomwa mbali na soko lile. Njia haikuwa laini: mwaka 2007 serikali ya Kano ilichoma vitabu vya aina hii hadharani, ikisema vinaharibu wasichana. Wanawake wakaendelea kuandika.

Tanzania wako na soko lao la namna hiyo. Kwa miaka mingi magazeti ya kila wiki yamekuwa yakitoa hadithi za mfululizo, na Eric Shigongo ni mmoja wa waliojulikana kwa kazi hiyo. Siku hizi wengi wanauza kwa telefone: sura za kwanza bure, zinazofuata unalipa kidogo kwa sura, unatumiwa kwa WhatsApp. Kwa sisi ambao nyumba za vitabu ziko mbali Kinshasa, na barabara tunaijua, hii si njia ya kudharau.

Hatari ya njia ya nne ni haraka. Ukiandika sura leo na kuiuza kesho, utasahau jina la mjomba uliyemuua sura ya tatu. Maliza kitabu chote kwanza, kisha anza kukigawa.

Lugha: Kifaransa ama Kiswahili?

Kifaransa kitakupeleka Kinshasa, Abidjan, Brussels. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba yetu ya 2006, na kitakupeleka kwa shangazi, kwa motari, kwa mama wa soko, na pia Bujumbura, Kigoma, Mombasa. Hakuna anayekukataza kufanya vyote. Lakini kitabu cha kwanza kiandike katika lugha ambayo watu wako wanagombana na kubembelezana nayo. Maneno ya mapenzi yaliyotafsiriwa yanasikika kama barua ya ofisi.

Wengine wanasema: Kiswahili chetu hakiandikiki, ni cha kuongea tu. Sivyo. Mwaka 1965, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule katika Kiswahili cha huku, bila kungoja ruhusa ya mwalimu, na mpaka leo wasomi wanaisoma. Mimi nafanya hivi: maelezo naandika kwa Kiswahili cha kitabu, maongezi naacha watu waseme kama wanavyosema. Mzee akitia Kibangubangu ama Kikusu katika sentensi, inabaki, mradi msomaji aelewe.

Mambo matatu ya kuheshimu

La kwanza, umri na ukubali. Sheria ya familia ya 1987 iliruhusu msichana aolewe na miaka 15. Sheria ya sasa inataka miaka 18 kwa wote wawili, na kila mmoja akubali kwa mdomo wake mwenyewe. Ukiandika msichana wa miaka 15 na mtu mzima, usiyaite mapenzi matamu. Andika ukweli wake. Vilevile yule mwanaume anayemshika msichana kwa nguvu, kisha msichana "anaelewa kwamba anampenda": ziko riwaya nyingi zilizotumia njia hiyo. Huku kwetu, tunajua vita vimefanyia wanawake nini. Tusiandike hivyo.

La pili, siri za watu. Kasongo si Paris. Ukiandika "mwalimu mrefu mwenye pikipiki nyekundu", wote watajua ni nani. Changanya: sura ya mtu mmoja, kazi ya mwingine, kijiji cha tatu.

La tatu, jina lako. Hasa kwa wadada: ukiandika mapenzi, kuna watakaosema ni maisha yako unaeleza. Nitakuwa mkweli, wataongea. Unaweza kutumia jina la kalamu. Wale ndugu wawili wa Ufaransa, dada na kaka, walioandika riwaya nyingi za mapenzi kwa jina moja la Delly, wasomaji hawakujua ni nani mpaka baada ya muda mrefu. Hakuna aibu katika hilo.

Jinsi ya kuchagua

Usichague kwa kukaa na kufikiri tu. Chukua hadithi yako moja, andika sura yake ya kwanza mara mbili, kila mara katika njia tofauti, kurasa tano tano. Soma zote kwa sauti mbele ya watu watatu ambao hawatakusifu bure. Usiwaulize kama ni nzuri. Angalia wapi wanashika telefone, na wapi wanauliza "halafu?". Ile inayoleta "halafu" ndiyo yako.

Kabla ya kulipa mtu akuchapishie, uliza vitabu vitakuwa vingapi, nani atavibeba, vitauzwa wapi, na haki ya kitabu inabaki kwa nani. Niliwahi kumpa mtu mmoja pesa ya kuchapa kurasa chache tu, na pesa ile sikuiona tena. Anza na fotokopi ishirini. Na usingoje kompyuta. Livingstone, alipoishiwa karatasi na wino huku kwetu mwaka 1871, aliandika juu ya gazeti la zamani kwa wino wa mmea wa huku. Bik na kaye vinatosha.

Nilichochagua mimi

Nilisita kati ya ya kwanza na ya pili. Nilifikiri mwisho mwema ni uongo, kwamba msomi lazima aandike huzuni ili aheshimiwe. Mwaka jana nilirudi kwa shangazi na sura mpya, kwa Kiswahili. Msichana wa Kabambare anauza mawese. Kijana amerudi kutoka machimboni bila dhahabu. Wazee wanakaa, wanapanga mahari, na kabla ya kupokea kitu, baba anamgeukia binti yake: "Wewe unasema nini?"

Nilisoma mpaka pale, nikanyamaza kidogo ili nigeuze ukurasa. Shangazi alikuwa ameacha kuchambua mchele. Akasema polepole, "Mimi hakuna aliyeniuliza." Nilikuwa nimekaa naye miaka yote na sikujua. Aliolewa na miaka 14.

Kisha akaniambia: "Endelea. Nataka kusikia anajibu nini."

Siku ile nilichagua. Nitaandika riwaya fupi, kwa Kiswahili, zenye mwisho mwema, za kusomwa kwa sauti na za kugawa kwa telefone. Mwisho mwema si uongo kama kizuizi ni cha kweli. Kwa mtu ambaye hakuulizwa, kusikia msichana mmoja anaulizwa, na anajibu, si kitu kidogo.

Wewe, inawezekana yako ni ya onyo, ama ya historia. Ni sawa. Lakini fungua ile kaye leo, na juu ya ukurasa wa kwanza andika jina la mtu mmoja utakayemsomea.